Maduka Yarudi Mjini Lubumbashi: Je, Yamerudi kwa Nani?

Tulimkuta mama mmoja wa Kilwa akishusha magunia yake ya samaki wakavu kutoka katika lori. Alikuwa amesafiri kilometa 350 hivi, vumbi limemjaa hata kope za macho, na tangu alipopanda lori huko ziwani alikuwa amekwisha kupanga moyoni mwake vitu atakavyonunua Lubumbashi: sabuni, chumvi, misumari ya mumewe, madaftari ya watoto, na kitenge kimoja ikiwa samaki watapata bei njema. Samaki walipata bei. Basi akatuuliza, “Sasa niende kununua wapi?”

Swali hilo ni dogo, lakini tumelichukua tukalifikiri siku nyingi. Watu wengi husema kwa furaha kwamba maduka yamerudi katikati ya Lubumbashi. Ni kweli, yamerudi. Lakini kabla ya kushangilia yafaa tuulize: yalikuwa yamekwenda wapi, na ni nani aliyeyafukuza?

Mji wenyewe haukuanza na duka. Ulianza na shaba. Reli ya kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka ule ule Wabelgiji waliuanzisha mji, wakauita Elisabethville kwa jina la malkia wao. Jina la Lubumbashi ulilipata mwaka 1966. Nyuma ya reli walifuata wafanya biashara: Wagiriki, Wareno, Waitalia, na Wayahudi wengi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Wakafungua maduka ya nguo, ya mikate, ya vyombo na ya baiskeli. Wagiriki wengine walikwenda hata Kasenga, kando ya mto Luapula, wakanunua samaki kwa wavuvi wetu, wakawafunika kwa barafu na kuwapeleka mjini kwa malori, ili wafanya kazi wa Union Minière wapate kitoweo. Kwa hiyo ziwa letu la Moero na maduka ya mjini yanajuana tangu zamani.

Hata hivyo tusiusifu mno wakati ule. Baina ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika paliachwa uwanja mtupu, nao wakubwa walisema ni kwa ajili ya afya. Mwafrika aliuvuka uwanja huo asubuhi kwenda kazini, na jioni aliuvuka tena kurudi Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, au Kenya, na baadaye Katuba na Ruashi. Usiku hakuruhusiwa kuonekana mjini bila cheti. Katika maduka mengi aliuziwa kando, mbali na wanunuzi wengine. Na mke wa mfanya kazi wa Kampuni hakuwa na haja kubwa ya duka, maana posho ya unga na ya samaki ilitoka kwa Kampuni yenyewe. Duka lilikuwa zuri, taa zake zilimeta, lakini halikuwa lake, wala mji haukuwa wake. Mtu asiyekuwa na sehemu katika kitu huwa halii sana kinapovunjwa. Tulikumbuke neno hilo, maana lilizaa matunda baadaye.

Likaja pigo la kwanza. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 iliwawekea wenyeji biashara ndogo ndogo. Na hilo, kwa maoni yetu, halikuwa kosa. Lakini tarehe 30 Novemba mwaka huo Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatatwaliwa na kupewa wananchi. Ni wananchi gani? Si yule aliyekuwa amesimama nyuma ya meza ya duka miaka 15, akijua bei ya kila kitasa na kila mita ya kitambaa. Mara nyingi alikuwa mtu wa chama, au rafiki wa mkubwa. Alipewa funguo siku moja, akauza vitu vyote vilivyokuwa juu ya rafu, akanunua motokaa, na rafu zikabaki tupu. Wauzaji wa jumla hawakutaka tena kukopesha, maana hawakumjua mkopaji. Hapo ndipo tunapoona duka ni kitu gani: si nyumba wala bidhaa tu, bali ni kuaminiana. Yule anayeleta bidhaa humwamini mwenye duka, na mwenye duka humwamini mnunuzi. Na kuaminiana huko hakugawiwi kwa amri ya serikali. Mwaka 1976 wenye maduka wa zamani waliitwa warudi. Wengi hawakurudi. Mwaka ule ule Askofu Mkuu Kabanga wa Lubumbashi aliandika barua ya kichungaji, akaikemea kiu ya fedha iliyokuwa ikiwaharibu watu wa nchi, wakubwa hawakuifurahia.

Pigo la pili tulijiletea wenyewe. Mwezi Oktoba 1991 askari wasiolipwa walianza kupora maduka ya Lubumbashi, kama walivyofanya wenzao wa Kinshasa mwezi uliotangulia, na raia wakawafuata. Raia hao walikuwa majirani zetu. Milango ilivunjwa, na hata vioo, waya za umeme na mabati vilichukuliwa. Katika wiki zilizofuata uliweza kununua friji kwa bei ya baiskeli, na wako Wakristo walionunua, wakisema, “Mimi sikuiba, nimenunua tu.” Katekisimu inafundisha wazi: amri ya saba haimfungi mwizi peke yake, bali hata yule anayepokea mali ya wizi akijua, naye yampasa kuirudisha au kulipa thamani yake. Miaka mingi imepita. Pengine mwenye friji amekufa Ulaya, wala hajulikani. Lakini wako maskini, na wako watoto wa wale waliokuwa wakifanya kazi katika maduka yale, ambao baba zao walipoteza mshahara siku moja. Anayetaka kutuliza dhamiri yake hatakosa wa kumlipa.

Kisha, mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi, hasa Likasi na Kolwezi, na wengi wao walikuwa wafanya biashara. Tunalitaja kwa aibu na kupita.

Wakati huo huo Gécamines ilianguka. Mwaka 1986 ilikuwa imetoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Miaka minane baadaye haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakatika, posho ikakatika, na mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi. Basi duka likahamia barazani. Yule mama aliyezoea kupokea posho alitoa meza yake nje ya ua, akaweka juu yake mafungu ya nyanya, sabuni iliyokatwa vipande, makaa, mafuta ya kupimwa kwa kikombe, na unga wa meka. Kwa mafungu hayo watoto walikula, na wengine walimaliza shule. Wanaozidharau meza za barabarani wasisahau nani aliyeulisha mji huu maduka makubwa yalipokuwa yamefungwa.

Baada ya sheria mpya ya madini ya mwaka 2002 shaba ilianza kutoka tena, safari hii kwa kampuni za wageni, na fedha ikaonekana. Katika miaka ya 2007 hata 2015 gavana alikuwa Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa mfanya biashara ya samaki huko kwetu ziwani. Barabara nyingi zilitengenezwa, na nyumba za zamani zikapakwa rangi. Sasa viko vioo vikubwa, viko vipoza hewa, ziko bidhaa kutoka Afrika ya Kusini zilizopitia Kasumbalesa, na nyingine kutoka China na Dubai. Wenye maduka wengi ni wageni, Wahindi, Walebanoni, Wachina, na ile sheria ya 1973 hutajwa tena kila watu wanapogombana juu ya biashara ndogo. Bei nyingi huhesabiwa kwa dola. Mara kwa mara wenye meza hufukuzwa mbele ya maduka hayo, nao hurudi kesho yake asubuhi.

Sisi hatutaki meza zishinde maduka, wala maduka yashinde meza. Dawa ya homa haifai kuuzwa juani. Na ukiuziwa meka iliyobonyezwa chini, kesho hutamkuta aliyekuuzia. Duka lina mlango, na mlango unaweza kurudiwa. Lakini duka lisilouza ila kwa gunia na katoni halimfai mama mwenye franka 2,000 mkononi. Mwenye duka aliye na akili angejifunza kwa yule mama wa mezani: kupima kidogo, kutaja bei kwa franka, na kumjua mnunuzi kwa jina lake. Na wakubwa wa mji wangeweza kuvigawa vyumba vidogo katikati ya mji kwa kodi ambayo akina mama wa likelemba wangeweza kuichangia. Tunajua wako akina mama ambao hesabu yao ya likelemba ni safi kuliko ya ofisi nyingi.

Kwa wanafunzi wetu tuna neno moja. Wengi mnataka kazi ya mgodini tu. Jifunzeni pia hesabu za duka: iko wapi fedha ya bidhaa, iko wapi faida, na ni kiasi gani mwenye duka aruhusiwe kula. Maduka mengi ya wenyeji yameuawa na jamaa kuliko na wageni. Mjomba anachukua sukari, shemeji anachukua vitenge, hakuna anayeandika, na mwisho wa mwaka wote wanashangaa. (Nasi hatujisifu; tumewahi kuchukua sukari hiyo.)

Turudi kwa mama wa Kilwa. Katika duka la kwanza lenye vioo aliambiwa bei kwa dola, akatoka polepole. Kitenge alikitazama tu. Sabuni na chumvi alinunua mezani, na madaftari kwa kijana aliyeyabeba kichwani. Misumari aliipata katika kiduka chembamba cha mzee mmoja. Mzee aliipima kilo nzima mbele ya macho yake, akaongeza misumari mitatu. Alipoona fedha imepungua kidogo, alifungua daftari, akaandika jina lake na neno Kilwa. “Utanilipa utakaporudi na samaki,” alisema.

Lori liliondoka saa kumi za jioni kwa barabara ya Kasenga.