Ladha za Mlima Elgon Ambazo Matatu Huzipita

Mkenya akirudi kutoka Bangkok, picha ya kwanza anayowaonyesha jamaa mara nyingi si ya hekalu. Ni ya sinia la panzi na viwavi wa hariri waliokaangwa, naye amemshika mmoja kwa vidole viwili karibu na mdomo. Watu hucheka na kumsifu kwa ujasiri wake. Mtu huyohuyo akipanda matatu Kitale kwenda Bungoma mwezi wa Aprili, atapita ubavuni mwa ungo uliojaa kumbikumbi bila kugeuza shingo, na mkononi ana pakiti ya biskuti aliyoinunua stejini. Nataka kuutetea ungo huo, pamoja na vyakula vingine vya barabara hiyo ambavyo msafiri hukosa kwa sababu hakuna aliyemwambia vipo.

Njia ninayoizungumzia huanzia Kitale, hupita Kiminini na Kamukuywa, kisha huiacha barabara kuu na kushika Kimilili na Chwele hadi Kanduyi, mlangoni mwa mji wa Bungoma. Karibu safari nzima Mlima Elgon uko mkono wa kulia, urefu wake mita 4,321, mara nyingi ukiwa umejifunika mawingu kuanzia saa sita mchana. Asiye na haraka na aanze kwa kupanda kwanza hadi Saboti, chini kabisa ya mlima, katika eneo bunge alilowakilisha marehemu Makamu wa Rais Kijana Wamalwa. Huko ndiko utaona vizuri kwa nini chakula cha huku kina sura nyingi. Ardhi hii ilikuwa ya walowezi. Uhuru ulipokuja, mashamba yakanunuliwa na kugawanywa, na watu wakaingia kutoka kila upande na vyungu vyao: Wabukusu kutoka kusini, Wakikuyu, Waturkana, Wapokot wanaoteremka na asali, wote wakawakuta Wasabaot waliokuwa hapa kabla ya uzio wa kwanza wa mlowezi.

Na Asia nayo iliingia mapema. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na wafanyabiashara Wahindi wakafungua maduka. Leo mtu wa mitaa ya Kitale kama Matisi au Tuwani akinywa chai ya maziwa yenye tangawizi kwa chapati moto, hafikirii kwamba anakula chakula cha ugenini. Chapati imekuwa chakula cha Krismasi, na mtoto wa huku hukasirika zaidi akinyimwa chapati siku hiyo kuliko akikosa nguo mpya. Sambusa na bajia ziko kila kona. Kwa hiyo tunajua kabisa kupokea cha mgeni. Kinachotushinda ni kumpa mgeni cha kwetu.

Turudi kwenye ungo. Kumbikumbi hutoka mvua zinapoanza, na hawangoji mtu. Wazee wa Bungoma wana ufundi wa kuwatoa: kichuguu hufunikwa kwa matawi na blanketi kuukuu, huachwa tundu moja linaloelekea shimo dogo, kisha watoto hukaa na kugonga vijiti juu ya mbao kwa mdundo usiokatika, kama matone ya mvua. Wadudu hutoka wakidhani mvua imekuja, huufuata mwanga wa tundu, na huangukia shimoni. Aina nyingine hutoka usiku na hufuata taa. Wengine huliwa papo hapo, wazima, na mtoto aliyekulia huku atakwambia hao ndio watamu zaidi. Wa kuuzwa hukaangwa kwenye sufuria kavu bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe, hupepetwa mbawa kwenye ungo, hutiwa chumvi kidogo, kisha hupimwa kwa kikombe. Wabukusu huwaita chiswa. Ladha yake iko kati ya karanga na uyoga, na ukila na ugali huhitaji mboga nyingine.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti mwaka 2013 likikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2 duniani hula wadudu kama sehemu ya chakula chao. Thailand ilitajwa sana katika habari hizo kwa sababu wakulima wake wamefanya ufugaji wa nyenje kuwa biashara kamili. Sisi tunao wadudu, tunao walaji, tunao wauzaji. Lakini mtu wa mjini bado huwala nyumbani kwa mamake na kunyamaza ofisini.

Lakini chakula ambacho ningemshika msafiri mkono nimpeleke akakile ni kamaleya. Haya ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon. Ukanda wa mianzi uko juu, kuanzia kama mita 2,400 kwenda juu, ambako baridi huuma hata mchana. Mvua ikinyesha, chipukizi hutokeza ardhini likiwa limevikwa maganda magumu yenye vinyweleo vinavyowasha. Hukatwa likiwa bado laini, humenywa, na hukaushwa kwa moshi juu ya meko hadi ligeuke rangi ya hudhurungi na kuwa gumu kama ukuni. Hivyo ndivyo linavyoweza kushuka mlimani, likavuka miezi kadhaa na kufika sokoni likiwa halijaoza. Ng'ambo ya mlima, Mbale na Bududa nchini Uganda, Wagisu, ndugu za Wabukusu, huyaita malewa, na karamu ya tohara bila malewa huko haina heshima.

Kuyapika si kazi ya papara. Huanza kwa kulowekwa usiku kucha. Asubuhi huchemshwa, maji humwagwa, huchemshwa tena, kisha hukatwakatwa vipande vyembamba na kupikwa katika mchuzi mzito wa karanga au simsim iliyosagwa. Mchuzi hunyonya ule moshi wa meko, na kipande chenyewe hubaki na ukinzani kidogo chini ya jino, kama nyama iliyokauka. Nilipokula mara ya kwanza kwa makini, bila haraka, nilihisi mambo matatu yakifika kwa zamu: moshi, kisha utamu wa karanga, na mwishoni uchungu mdogo unaosafisha kinywa.

Sasa nenda Japani majira ya kuchipua. Wapishi huko husubiri machipukizi ya mianzi, ambayo huyaita takenoko, kwa hamu ileile ambayo sisi husubiri mahindi mabichi. Huyachemsha na pumba za mchele kuondoa uchungu. China huyatia katika supu na vikaango vya kila siku. Kaskazini mashariki mwa India, huko Nagaland, huyachachusha na kuyapika na nyama ya nguruwe. Mbinu zinatofautiana lakini sababu ni moja: chipukizi bichi lina chembechembe zinazoweza kutoa sumu ya sayanidi, na moto na maji ndivyo huiondoa. Mama wa Mlima Elgon aliyemwaga maji ya kwanza na ya pili hakusoma kemia, lakini alifikia jibu lilelile walilofikia akina mama wa Kyoto. Nikilifikiria hilo najaa heshima kwake.

Kwa nini basi kamaleya ni adimu upande wetu? Sababu moja ni sheria. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku uvunaji wa mianzi katika misitu ya umma ili kulinda vyanzo vya maji, na kwa haki, kwa sababu mito inayoshuka Elgon ndiyo inayonywesha Trans Nzoia na Bungoma. Lakini kipande cha chakula kilienda na marufuku hiyo. Dawa yake iko wazi, ni kupanda mianzi mashambani. Siku hizi wakulima wanahimizwa kuipanda, ila mazungumzo yote ni ya mbao, makaa na vijiti vya meno. Sijasikia afisa akimwambia mkulima wa Saboti kwamba chipukizi lake linaweza kuwa chakula cha mgeni hotelini.

Wimbi lilipata pigo la aina nyingine. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mahindi chotara ya H611 yalipotolewa mwaka 1964 mashamba yalibadilika kwa kasi. Mahindi yalizaa sana, yakawa chakula, yakawa pesa, yakawa karo ya shule. Sina ugomvi nayo. Mahindi ya kuchoma ya Kiminini mwezi wa Agosti, yaliyopakwa limau na pilipili, ni mojawapo ya raha za barabara hii. Lakini ugali mweusi wa wimbi ukawa wa wazee, wa wagonjwa na wa sherehe. Uulize kibandani Kimilili au Chwele, usiuone vibaya kwa rangi yake. Uombe na murere, yaani mrenda, uliotiwa munyu wa majivu. Munyu huo hutengenezwa kwa kuchoma maganda ya maharagwe au vigunzi vya mahindi, majivu hutiwa katika chombo chenye matundu, maji humiminwa juu, na kinachodondoka chini, maji ya rangi ya chai hafifu, ndicho hulainisha mboga na kupunguza ukali wake. Kunde na isaga, yaani mgagani, huwekewa maziwa au samli, hupashwa tena siku ya pili, na siku hiyo ya pili ndiyo mboga huwa mboga.

Hata ndovu wa huku husafiri kutafuta ladha. Ndani ya Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, kuna pango la Kitum ambamo ndovu huingia gizani usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, na kuchimbua ukuta kwa pembe ili walambe chumvi iliyo katika mwamba. Watalii hulipa kuona alama za pembe hizo. Wakimaliza hurudi Kitale na kula kuku na chipsi.

Kwa upande wa Wasabaot na Wakalenjin wengine kuna mursik. Watu wengi hudhani ni maziwa lala tu. Siri iko kwenye kibuyu: husuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu, mara nyingi senetwet, hadi kuta ziwe nyeusi, ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupozwa hutiwa na kuachwa siku kadhaa. Yakimiminwa huwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika kibuluu, na harufu ya moshi hufika puani kabla ya uchachu kufika ulimini. Majirani zao Wapokot wana maziwa yao ya majivu, ambayo shirika la Slow Food la Italia liliyaweka katika mradi wake wa kulinda vyakula vilivyo hatarini kutoweka. Huko Italia yanajulikana; Kitale mjini itabidi uulizie.

Hapo ndipo ninaposema kwa uchungu. Desemba 2020, UNESCO iliingiza utamaduni wa wachuuzi wa vyakula wa Singapore katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Singapore ilikuwa imewaondoa wachuuzi barabarani tangu miaka ya 1970, lakini iliwajengea vituo vyenye maji ya mfereji, mifereji ya maji taka na meza, na mpishi wa tambi akabaki na jina lake na wateja wake. Mwaka uliofuata, Desemba 2021, UNESCO ikaitambua Kenya nayo, kwa kazi ya kufufua mboga na vyakula vya asili ambayo Makumbusho ya Taifa na watafiti kama Patrick Maundu walishughulika nayo kwa miaka mingi. Hivyo tumepimwa na dunia na tukaonekana tunastahili. Ila mama anayeuza kumbikumbi bado ameketi juu ya gunia ukingoni mwa mtaro, hana bomba la maji, na akisikia askari wanakuja hukunja gunia na kukimbia. Kwenye hoteli kubwa za huku, menyu ina pilau, spageti na samaki wa kupaka. Busuma, yaani ugali, na kamaleya hupikwa jikoni nyuma, kwa ajili ya wafanyakazi.

Msafiri naye ana la kufanya. Hapa mtu hakutupii menyu. Hukungoja uonyeshe kwamba unataka. Msalimie mama muuzaji kwa "mulembe" kwanza, mwite mayi, au kukhu kama ana mvi, kisha uliza kilichopikwa leo nyumbani, si kilichoandikwa ubaoni. Kula mahali penye wenyeji wengi na sufuria inayofuka mvuke. Maziwa uliza kama yalichemshwa kabla ya kutiwa kibuyuni. Ukikaribishwa nyumbani kwa Mbukusu, utachinjiwa kuku, ingokho, na firigisi itawekwa upande wako au upande wa mzee wa boma. Usiikate kabla ya kuelekezwa ni ya nani, maana mezani hapo firigisi ina mwenyewe.

Kumbikumbi watafute mvua ndefu zikianza, kati ya Machi na Mei. Mahindi mabichi ni kuanzia Julai. Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na boma zima hupika, ukialikwa, nenda. Kamaleya huwezi kuyapata kwa kuingia kibandani saa saba mchana na kuagiza. Pita Chwele siku moja kabla, mtafute mchuuzi aliye nayo, mlipe, na umwachie ayaloweke usiku huo.