Ubongo na Foleni ya Maamuzi

Anayeendesha gari huku akiongea na simu huamini anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Sivyo. Kila jambo linalohitaji uamuzi hupitia sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na hapo maamuzi hupanga foleni: moja likishughulikiwa, jingine husubiri.

Mwaka 2009 Paul Dux, René Marois na wenzao wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, walieleza jinsi walivyowafanyisha watu saba mazoezi kwa wiki mbili. Picha ikitokea, mshiriki abonyeze kitufe kwa kidole kinachohusika. Sauti ikisikika, atamke silabi inayolingana nayo. Mara nyingine picha na sauti vilikuja pamoja, na mwanzoni walichelewa sana. Kufikia mwisho, walifanya kazi zote mbili kwa wepesi unaokaribia ule wa kufanya moja. Ingedhaniwa ubongo umeihamishia kazi sehemu isiyohitaji kufikiri. Picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ya MRI zilionyesha vingine: foleni ilibaki palepale, ila sasa ilikwenda kasi. Huo ndio ugunduzi wenyewe, na ni mkubwa.

Barabarani mambo ni mengine. Mazoezi yale yalirudia picha na sauti zilezile, ilhali mtoto anayekatiza mbele ya gari hatoi nafasi ya kujizoeza. David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah aliwapima madereva kwenye mtambo wa kuigiza udereva. Waliozungumza na simu walichelewa kushika breki, hata pale simu isiposhikwa mkononi.

Dereva, simu ikiita, egesha kwanza.