Asili ya neno 'bodaboda' ni mpakani Busia

ZIPO lugha zilizobuniwa na mtu mmoja. Mwaka 1887, Ludwik Zamenhof, daktari wa macho, alichapisha mjini Warsaw kitabu cha kwanza cha Kiesperanto, akiwa amejichagulia mizizi ya maneno kutoka lugha za Ulaya. Hata hivyo, maneno mengi hubuniwa na umma usiojua kuwa unabuni. 'Bodaboda' ni mojawapo.

Asili yake ni mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970. Mjini Busia, vituo vya forodha vya nchi hizo mbili vilitenganishwa na eneo ambalo abiria aliyeshuka garini alilivuka kwa miguu, mizigo mkononi. Waendeshaji baiskeli waliona riziki hapo. Waliwaita wateja kwa kutaja safari yenyewe: boda hadi boda, yaani mpaka hadi mpaka. Biashara hiyo ilifika Malaba, kisha ikaenea kote Afrika Mashariki.

Neno hili limepitia hatua tatu. Kwanza, 'border' la Kiingereza likawa 'boda', kila silabi ikiishia kwa irabu. Pili, likarudufishwa, mithili ya 'pikipiki'. Tatu, maana ikapanuka: kutoka safari ya mpakani hadi baiskeli ya abiria, kisha pikipiki, na hata mwendeshaji wake.

Linganisha na 'tarakilishi' na 'ngamizi', istilahi zilizopendekezwa na wataalamu. Wanafunzi nchini Kenya huzisoma, ilhali wengi wakiwa nje ya darasa husema 'kompyuta'.

Basi, je, mwalimu alikate 'bodaboda' katika insha kwa kuwa lilitoka barabarani? La hasha. Kinacholipa neno uhai ni kukubalika kwake na wazungumzaji, wala si cheo cha aliyelibuni. Aidha, halijaliondoa neno 'mpaka': hilo hutaja mwisho wa nchi, nalo 'bodaboda' hutaja usafiri.

Mnamo Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa upande anaoingilia pekee. Safari iliyozaa neno hilo imebadilika, lakini neno lenyewe linatumiwa hata na watu wasiowahi kufika mpakani.