Fahamu: Ingekuwaje kama Seyyid Said asingehamia Unguja?

Wakati Indonesia ikijenga mji mkuu mpya, Nusantara, tumkumbuke Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman. Kufikia 1840 alikuwa ameuhamisha utawala wake kutoka Muscat hadi Unguja, kisiwa chenye maji matamu, bandari tulivu na ardhi inayokubali mikarafuu.

Tuseme angebaki Muscat. Mombasa, ambako ukoo wa Wamazrui ulimpinga hadi 1837, huenda ingekuwa kitovu cha pwani, na Kimvita, lahaja ya Mombasa, si Kiunguja, kikawa msingi wa Kiswahili sanifu. Katika historia halisi, alipofariki baharini 1856, wanawe waligombea urithi. Mwaka 1861 Waingereza wakaigawa dola, Zanzibar ikatakiwa kuilipa Muscat riale 40,000 kila mwaka. Mgawanyo huo pengine usingekuwapo.

Zito zaidi ni utumwa. Karafuu huchumwa kabla ua halijachanua, kichala kwa kichala, ikachambuliwa na kuanikwa juani kwenye majamvi. Ni kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ilitekwa bara, wengi kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapitishwa Kilwa. Biashara ya watumwa ilimtangulia Seyyid Said, lakini naamini bila mashamba yake na ya wafuasi wake, vijiji vingi vya kusini vingenusurika.