Wema, Ukweli na Huruma katika Njia ya Misafara ya Tabora

Methali ni kauli fupi ya mapokeo inayobeba hukumu ya jamii juu ya mwenendo wa watu, na ingawa ufupi wake huifanya ionekane imejitosheleza, maana yake hutimia pale inapokutana na tukio linalodai uamuzi. Kwa sababu hiyo, methali za wema, ukweli na huruma hazipimwi ipasavyo ndani ya ukoo, ambamo damu na mazoea huwasukuma watu kutendeana mema hata bila kuhimizwa, bali hupimwa mahali ambapo watu wasiojuana hukutana, huhitajiana na huweza kudhuriana. Katika karne ya 19 mahali pa namna hiyo palikuwa njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe katika nchi ya Wanyamwezi, ulikokua mji wa Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa miguu.

Wema wa njia hiyo ulikuwa na masharti. Tabora ilikuwa kituo cha kupumzika, kununua chakula na kutafuta wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo kwa ujira, na wapo wasafiri waliokaa hapo miezi mingi, kama mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyesubiri wapagazi Kwihara, karibu na Tabora, mwaka 1872. Mji unaopokea wageni wengi kiasi hicho hauwezi kuwalisha wote bila kikomo, na hapo ndipo inapoeleweka methali isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," ambayo haimfukuzi mgeni, bali inamwondolea unyonge wa kulishwa tu na kumpa nafasi miongoni mwa wenyeji. Julius Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha Tabora, aliitumia methali hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, akionyesha kwamba ukarimu wa jadi uliambatana na wajibu wa kufanya kazi.

Ukweli nao ulikuwa sharti la biashara. Wafanyabiashara wengi waliingia bara kwa mali kauli, yaani bidhaa zilizochukuliwa kwa mkopo ili zilipwe baada ya safari, na kwa kuwa pembe za ndovu zilichukua miezi, pengine miaka, kufika pwani, mkopeshaji hakuwa na kinga kubwa kuliko uaminifu wa mdaiwa. Mahali kama hapo, "Ahadi ni deni" si pambo la maneno, na "Njia ya mwongo ni fupi" ni onyo kwamba anayevunja ahadi mara moja huenda asipate wa kumkopesha tena. Hata hivyo, ukweli huumiza, na jamii ilihitaji namna ya kuusema bila kuzua ugomvi. Utani, yaani uhusiano wa kimila unaoruhusu watu wa makabila au koo fulani kukosoana kwa mzaha bila mmoja kumkasirikia mwenzake, uliwaunganisha Wanyamwezi na jamii kadhaa za njiani na pwani, na mara nyingi chimbuko lake huhusishwa na safari hizo. Mtani anayekukejeli ndiye pia anayepaswa kusaidia mazishi yako, na hivyo haki ya kumwambia mtu ukweli hulipiwa kwa wajibu wa kumhurumia.

Huruma ndiyo iliyoshindwa vibaya zaidi, kwa kuwa njia iliyopitisha pembe ilipitisha pia watumwa, na methali iliyomtukuza mgeni haikumlinda mtu aliyefungwa mnyororo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa katika Tanganyika haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922. Hata hivyo huruma haikuzimika kabisa: mwaka huohuo wa 1873 Livingstone alipofariki safarini, watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, ambaye mwenyewe alikuwa amekombolewa utumwani, walifika Unyanyembe pamoja na wenzao wakiwa wamebeba mwili wake, na msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipowashauri wamzike hapo, walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika mwaka 1874. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," husema Waswahili, na hapa waliofaa ni watu ambao dunia ya wakati ule iliwahesabu kuwa watumishi tu.

Kwa hiyo wingi wa methali njema si ushahidi kwamba jamii ilikuwa njema; ni ushahidi kwamba ilijua kipimo cha wema, hata ilipokivunja. Msomaji anayezikariri leo hana budi kuuliza ni nani ameachwa nje ya methali hizo, kisha amwingize kwa matendo.