Kidonge cha Jumapili asubuhi



Jumapili moja ya Kwaresima, mama mmoja wa parokia yangu, mwanakwaya tangu ujana wake, alianguka kanisani mara baada ya Komunyo. Kituo cha afya walimpima presha wakakuta 210 kwa 120. Muuguzi akamuuliza kama alikuwa amemeza dawa zake. Akajibu kwa ulimi mzito: "Leo nilikuwa napokea."

Kumbe haikuwa Jumapili ile tu. Kila siku ya Misa alikuwa haamki na kidonge, na Kwaresima aliviacha siku zote alizofunga. Leo yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wake wa kulia haujapata nguvu.

Jambo hilo limenikaa moyoni, kwa sababu mimi ndiye paroko wake na sikuwahi kulisema katika homilia hata moja. Basi nalisema. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inatutaka tusile wala kunywa chochote kwa saa moja kabla ya kupokea, isipokuwa maji na dawa. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Na mfungo wa Kwaresima ni wa chakula, si wa dawa. Najua bibi zetu walifundishwa vingine, wala hawakukosea: kabla ya 1953 mfungo ulianza usiku wa manane na hata maji yaliuvunja. Papa Pio XII aliulegeza, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya wa saa moja. Habari hiyo haijafika kila nyumba.

Wengine wanaruka kile cha kukojoza, wakihofia kutoka katikati ya Misa. Toka tu, ndugu yangu. (Nasi mapadri tufupishe homilia.)

Wanaonisumbua zaidi ni wale walioombewa, wakajisikia wazima, wakatupa vidonge. Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kujisikia vizuri nayo iko juu, na ikipimwa ikaonekana imeshuka, mara nyingi ni kile kidonge cha jana kinachofanya kazi. Someni 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia alilia mbele za Bwana, akaahidiwa kupona na kuongezewa miaka 15. Ahadi ilikwisha kutolewa, na bado nabii Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Zikawekwa. Hakuna aliyemwambia mfalme kwamba hana imani.

Jumapili ijayo kutakuwa na ndoo ya maji ya kunywa na vikombe karibu na mlango wa sakristia. Mwenye kidonge chake aje nacho. Mama yule wa kwaya ameomba akae hapo yeye mwenyewe, awamiminie watu maji kwa mkono wa kushoto.