Je, Wajua? Nyonga Ikivunjika, Nguvu za Kiume Nazo Huweza Kupotea

Mwanamume aliyepinduka na bodaboda kwenye miteremko ya Mgeta, au aliyeanguka kutoka juu ya mkarafuu kule Matombo, mkoani Morogoro, anaweza kupona mifupa na bado uume ukashindwa kusimama. Si kurogwa. Mishipa ya fahamu na ya damu inayouhudumia uume hupita ndani ya nyonga, karibu na mrija wa mkojo. Mfupa ukivunjika na kuhama, mishipa hiyo hubanwa au kukatika.

Mishipa ya fahamu hupona polepole, pengine hata miaka 2, hivyo mgonjwa asikate tamaa mapema. Matibabu huanza na vidonge kama sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Humsaidia zaidi ambaye mishipa yake ya fahamu bado inafanya kazi walau kidogo. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asimeze vidonge hivi kamwe: shinikizo la damu linaweza kushuka hadi kuua.

Vidonge vikishindwa, ipo pampu ya kuvutia damu uumeni, na ipo sindano inayochomwa kwenye uume wenyewe. Hatua ya mwisho ni kupandikiza kifaa ndani ya uume. Kijana ambaye mshipa wa damu pekee ndio ulioumia huweza kufanyiwa upasuaji wa kuuunga.

Mweleze daktari wa hospitali ya rufaa ya mkoa, Morogoro, bila aibu. Yeye ndiye njia ya kumfikia bingwa wa mfumo wa mkojo. Na baada ya sindano, uume ukibaki umesimama zaidi ya saa 4, kimbilia hospitali usiku huohuo.